Kifaranga wa Bata Anapochechemea

Malalamiko haya huja karibu kila mara kwa namna moja: asubuhi kifaranga wa bata alitoka bandani mzima, jioni amerudi anavuta mguu. Hakuna aliyeona kilichompata. Wenzake wamekwisha fika kwenye maji, yeye yuko nyuma kabisa, anakaa, anainuka, anakaa tena, na anamlilia mama ambaye ana watoto wengine wa kuwaongoza.

Msikilizaji mpendwa, katika nyumba nyingi hukumu ya kifaranga huyo hutolewa papo hapo. Kuchinjwa hafai, maana hana nyama. Kuuzwa hafai, maana ni kilema. Basi aachwe, akipona apone. Kesho yake anaokotwa amekufa, na watu husema mguu ndio uliomuua. Mimi nimekuja kulikataa jambo hilo. Mguu ulioteguka kidogo haumuui kifaranga. Kinachomuua ni kuachwa nyuma: baridi ya usiku nje ya mbawa za mama, kiu kwa sababu chombo cha maji kiko mbali, njaa, kukanyagwa na ndugu zake, na kunguru ambaye amekwisha ona kwamba huyu hawezi kukimbia. Hayo yote yamo ndani ya uwezo wetu, hata kwa mtu asiye na senti ya kununulia dawa.

Bata tunaowafuga wengi vijijini ni wale wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele bali wanaotweta tu. Asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na mayai yao huatamiwa siku kama 35, tofauti na bata wa aina nyingine ambao huangua kwa siku 28. Wanasifika kwa uvumilivu wa kuatamia, ndiyo maana watu humwekea bata mayai ya kuku. Na wengine hufanya kinyume chake, wakampa kuku mayai ya bata. Hapo pa pili pana hatari yake. Kuku hupekua ardhi kwa nguvu, na watoto wake wa kuku wanajua kumkwepa. Kifaranga wa bata hajui. Yeye hujisogeza palepale chini ya miguu ya mama, na teke moja la kuku anayetafuta mchwa linatosha kumtegua. Kumbuka kwamba huyu ametoka kwenye yai akiwa na uzito wa gramu 40 au 50 hivi, kisha mwili wake hukua haraka mno, wakati mifupa ya miguu bado ni laini.

Sasa, ukimwona anachechemea, usimkimbilie. Simama, mtazame kwa mbali akiwa hajui kama anatazamwa, maana ndege akishaogopa huficha maumivu yake. Je, anaukanyagia mguu kidogo, au anaunyanyua kabisa? Vidole vinafunguka anapokanyaga, au vimejikunja? Ni mguu mmoja, au yote miwili inayumba? Swali hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na nitalirudia baadaye, kwa sababu mguu mmoja mara nyingi ni ajali, lakini miguu miwili mara nyingi ni jambo jingine kabisa.

Kisha mchukue kwa mikono miwili, viganja vikiwa chini ya tumbo, mbawa zimetulia ubavuni. Anza kumpapasa kwenye mguu mzima, ili vidole vyako vijue uzima ulivyo, ndipo uende kwenye mguu unaouma. Anzia chini: kucha, vidole, ile ngozi ya utando katikati ya vidole, unyayo. Angalia mwiba, kipande cha waya, mpasuko. Panda juu taratibu mpaka kwenye kile kiungo kinachopinda kwa nyuma. Watu wengi hukiita goti, lakini ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo. Nalitaja hili kwa sababu kifundo ndicho kinachoumia zaidi kwa vifaranga, na ndicho kinachovimba kwanza. Kama kina joto kuliko mwenzake na kimevimba kidogo, lakini kinakunjika na kukunjuka bila kukwama, na mfupa juu na chini yake umenyooka, basi una kifaranga aliyeteguka. Huyo atapona.

Usiache kutafuta uzi. Wafugaji wengi huwafunga vifaranga uzi wa rangi mguuni ili wawatofautishe na wa jirani, halafu kazi za nyumbani zinamsahaulisha mtu. Mguu unakua, uzi haukui. Baada ya juma moja uzi umezama ndani ya ngozi na mguu chini yake umevimba, na kwa kuwa manyoya membamba yameufunika, mwenye bata anadhani ni kuvunjika. Unywele mrefu na nyuzi za gunia hufanya vivyo hivyo. Mkato mmoja wa mkasi mdogo, kwa uangalifu, na damu inaanza kupita tena. Kama ungependa kuweka alama, tumia rangi isiyo na sumu kwenye manyoya ya kichwani, au pete ya plastiki inayotanuka, na uikague kila juma.

Turudi kwa aliyeteguka. Dawa yake ya kwanza ni kutotembea. Tafuta boksi lenye upana wa kumtosha kugeuka lakini lisilomwachia nafasi ya kukimbia. Chini usiweke gazeti wala nailoni, maana miguu itateleza na kupanuka, na utakuwa umeongeza jeraha juu ya jeraha. Weka kipande cha taulo au kanga kuukuu iliyokunjwa, uibadilishe kila inapolowa. Bata huchafua haraka. Kinyesi kibichi na maji huchoma ngozi ya unyayo, kwa hiyo usafi hapa ni sehemu ya tiba. Chombo cha maji kiwe karibu kiasi cha kufikiwa kwa shingo tu, na maji yawe na kina cha kumwezesha kutumbukiza mdomo mpaka matundu ya pua, kwani ndivyo anavyoyasafisha. Chakula kikae kando ya maji, maana bata hula akinywa, akinywa hula.

Na tafadhali, usimweke peke yake. Kifaranga wa bata aliyetengwa hulia mpaka anachoka, hali chakula, anahangaika kuruka boksi, na mapumziko yote yanapotea. Mwekee ndugu mmoja mpole. Kama huyo ndugu anamkanyaga au kumdonoa, tia wavu katikati ili waonane. Kama ni wa juma la kwanza na mama hayupo, joto linalohitajika pale alipolala ni kama nyuzi 32 za Selsiasi, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila juma. Taa ya balbu au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja wa boksi itafaa, ili mwenyewe achague kusogea karibu au kukaa mbali. Akihema mdomo wazi, joto limezidi.

Siku ya pili au ya tatu, mpe maji ya kuogelea, na hapa ndipo bata anapokuwa na bahati kuliko kuku. Jaza beseni maji ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko cha mkono wako, yawe na kina cha kumfanya aelee bila vidole kugusa chini. Ndani ya maji uzito wa mwili unaondoka kwenye kifundo, lakini miguu inafanya kazi ambayo iliumbiwa. Atapiga makasia. Mwanzoni mguu mmoja utakuwa mvivu, kisha utaanza kuamka. Dakika tano zinatosha, au kumi ukiona ana furaha, mara moja au mbili kwa siku, wewe ukiwa hapo hapo. Usiondoke hata kufungua mlango, kwa sababu kifaranga aliyeanguliwa na kuku au kwa mashine hajapata mafuta ya kutosha kwenye manyoya yake. Hulowa, akazizima, akazama. Ukimtoa, mkaushe vizuri na umrudishe penye joto.

Kama kuna jeraha la wazi, chemsha maji, uyaache yapoe, uweke kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, usafishe. Iodini ya kusafishia vidonda nayo inafaa, ikiwa umeizimua mpaka imefikia rangi ya chai nyepesi. Basi. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, jivu, dawa ya meno, hivi vyote nimeviona vikipakwa kwenye miguu ya ndege, na vyote vinaunguza nyama changa au kuziba uchafu ndani. Kuhusu viuavijasumu, ule unga wa kutia kwenye maji ambao kila duka la dawa za mifugo linao, sina maneno mengi: mguu ulioteguka hauna wadudu wa kuuawa. Unamnyima kifaranga hamu ya kunywa, na unawafundisha wadudu walioko bandani kuizoea dawa ambayo siku moja utaihitaji kweli.

Dawa za maumivu za binadamu zina hatari ya peke yake. Figo za ndege si kama zetu. Huko Asia Kusini, dawa ya diklofenaki, hii tunayomeza kwa maumivu ya viungo, ilipewa ng'ombe. Tumbusi wakala mizoga ya ng'ombe hao, figo zao zikaharibika, na kundi kubwa kabisa la tumbusi wa India, Pakistani na Nepali likateketea, hata serikali za nchi hizo zikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Tumbusi ni ndege mwenye kilo kadhaa. Wewe umeshika kiganjani kiumbe wa gramu mia. Usikadirie robo ya kidonge.

Yako majeraha ambayo si madogo, na lazima uyajue ili usiyape siku za kusubiri. Mguu unaoning'inia, mfupa uliopinda pasipo na kiungo, au mkwaruzo unaousikia kwenye vidole unapougusa, huo umevunjika. Mifupa ya ndege huunga haraka, majuma matatu hivi, na fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuutia banzi kwa kipande cha mrija wa soda kilichopasuliwa na bandeji inayojishika yenyewe. Lakini banzi likikaza sana hukata damu, likilegea hukwangua, kwa hiyo ni afadhali likafungwa na bwana mifugo. Jambo jingine ni ule mshipa mgumu unaopita nyuma ya kifundo. Kawaida umelala kwenye mfereji wake. Ukiteleza kando, nyuma ya kifundo huonekana bapa, na mguu hugeuka kuelekea nje. Hilo ni la saa, si la siku, maana mshipa ukizoea kukaa pembeni haurudi tena. Na kwa kifaranga wa siku mbili tatu ambaye miguu imepanuka pande mbili kwa kuteleza sakafuni, funga miguu yote miwili kwa utepe laini, ukiiachia nafasi ya upana wa kusimama kwake kwa kawaida, uikague asubuhi na jioni. Kwa siku chache hunyooka, iwapo umewahi.

Nimesema majeraha haya ni ajali. Mengine si ajali. Sisi watu wa pwani na bara tumezoea kumbeba kuku kwa miguu, kichwa chini. Tunawaona sokoni, tunawaona kwenye vipini vya baiskeli, wanne huku na wanne kule. Kuku anateseka kwa hilo, na mimi sioni sababu ya kuliendeleza hata kwake. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama kumekatazwa. Lakini kwa bata tendo hilo ni baya zaidi. Miguu yake ni mifupi, imewekwa kwa kazi ya kupiga maji, na mwili wake ni mzito juu yake. Ukimwinua kwa mguu mmoja akapiga mbawa mara mbili, kiungo kimetoka. Watoto wetu huwakamata vifaranga kwa mguu kwa sababu wametuona sisi. Mwite mwanao leo, mwonyeshe: viganja viwili, chini ya tumbo. Atajifunza kwa dakika moja, na hatasahau.

Sasa lile swali la miguu miwili. Ikiwa umepapasa na hukuona jeraha, ikiwa vifundo vyote viwili vimevimba, miguu inapinda kama upinde, kifaranga anatembea kwa kukalia vifundo, au wenzake wawili watatu wameanza kufanya vivyo hivyo, acha kutafuta aliyemkanyaga. Tazama sahani ya chakula.

Vifaranga wa bata wana hitaji kubwa la vitamini inayoitwa niasini, au B3. Vitabu vya lishe ya mifugo hutaja miligramu 55 katika kila kilo ya chakula kwa bata wachanga, hali kifaranga wa kuku wa nyama anahitaji 35 na wa mayai 27. Kuku ana uwezo wa kujitengenezea sehemu ya vitamini hiyo kutokana na protini anayokula. Bata uwezo huo kwake ni mdogo. Na sisi tunawapa nini? Pumba za mahindi, ugali uliobaki, chenga za mahindi. Niasini ya mahindi imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua, na protini yake ni hafifu hasa katika ile sehemu inayotumika kutengenezea niasini. Kifaranga anashiba, tumbo limejaa, na mifupa ina njaa.

Binadamu naye amepitia haya. Mwaka 1915, daktari Joseph Goldberger alionyesha katika jimbo la Mississippi, Marekani, kwamba ugonjwa wa pelagra, uliokuwa ukiwaua maskini waliokula mahindi kila siku, haukuwa wa kuambukizwa bali wa chakula. Na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaitambua niasini kuwa ndiyo iliyokosekana. Si mambo ya mbali. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipewa mgao wa mahindi, karanga zikakatika, na watu zaidi ya 18,000 wakapata pelagra. Karanga tu, msikilizaji. Ile konzi ya karanga ndiyo iliyokuwa ikiwashikilia.

Kwa hiyo wape vifaranga wako dagaa waliosagwa, lakini waoshe kwanza na kuwaloweka, kwa maana dagaa wa chumvi humdhuru kifaranga, na mchanga haumsaidii. Wape ini lililochemshwa na kukatwakatwa, kunde zilizopikwa zikapondwa, na karanga zilizosagwa. Unga wa vitamini wa dukani unafaa pia, ila soma karatasi yake uone kama niasini au nikotinamidi imetajwa. Vifundo vikiwa vimeanza tu kuvimba, utaona tofauti ndani ya siku chache. Mfupa uliokwisha komaa umepinda haunyooki, ndiyo sababu sitaki usubiri.

Kuhusu karanga nina onyo. Zile zilizoota ukungu, zile ambazo mtu huona hazifai kuuzwa akasema watakula bata, ndizo za kuchomwa moto. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga kutoka Brazil, na hapo ndipo sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ilipogunduliwa. Katika uchunguzi uliofuata, kipimo ambacho maabara zilikitegemea kuitambua sumu hiyo kilikuwa kifaranga wa bata wa siku moja, kwa sababu hakuna wengi wanaodhurika nayo upesi kama yeye. Kiasi ambacho kuku anakistahimili, yeye kinamharibu ini. Pumba za mahindi zenye ukungu nazo ni hivyo hivyo.

Mguu ulioteguka kwa kweli huonyesha nafuu kufikia siku ya tatu: kifaranga anaukanyagia, hata kama kwa woga, na kwa juma moja anarudi kwa wenzake. Mrudishe mchana, chakula kikiwa kimemwagwa, ili wote wawe na shughuli, na uwaangalie saa ya kwanza. Kama siku ya tatu hakuna mabadiliko, au uvimbe una joto kali, au ameacha kula, au vidole vimekuwa baridi na vyeusi, mpeleke kwa afisa mifugo wa kata yako. Mbebe ndani ya boksi lake, na ufunge kwenye karatasi konzi moja ya chakula unachowalisha. Afisa atataka kukiona.